Njia moja, sufuria moja, wiki 10: mimi nimeshuka kilo 6, mke wangu kilo 2. Nusura ndoa iyumbe

Jabali la Kirumba:

Wakuu, mwangaluka.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu salama. Nataka tuongelee mafuta ya mwili, ya mwanaume na ya mwanamke, maana hilo jambo limetaka kuniletea wazee wa ukoo sebuleni.

Ilianza Makoroboi, sokoni hapa Mwanza. Kuna kijana anakaa pale na mizani ya kukanyaga, shilingi 200 unajua uzito wako. Siku hiyo tunatoka kununua sare za watoto, nikasema ngoja tupime. Mimi 92. Mama watoto 74. Kijana akaniangalia kitambi, akaangalia mizani, akasema "mzee maisha yamekukubali." Mke wangu alicheka mpaka akashika nguzo.

Tukawekeana dau hapohapo. Wiki 10, atakayeshuka zaidi anapelekwa ufukweni kula sato wa kuchoma, aliyeshindwa analipa. Masharti: tunakimbia wote, tunakula sufuria moja. Siku tano kwa wiki tulikuwa tunaamka saa 11 alfajiri, tunatoka Kitangiri, tunapita Kirumba, tunazunguka Capri Point, tunarudi. Chapati za asubuhi zikafutwa. Ugali ukapungua, dagaa na mchicha vikaongezeka. Bia nikaacha kabisa.

Wiki ya 10 tukarudi kwa yuleyule kijana, mizani ileile. Mimi 86. Yeye 72.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Nikamtania kwamba huenda kuna mtu anafungua friji saa sita za usiku. Kwangu ulikuwa utani. Kwake haukuwa. Siku mbili nilijipakulia mwenyewe.

Kwa aibu nikaanza kusoma, na kumsumbua jamaa yangu mmoja ambaye ni daktari. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Kwanza, mwanamke mwenye afya njema anatakiwa awe na mafuta mengi kuliko mwanaume mwenye afya njema. Kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo, yako kwenye neva, kwenye uboho wa mifupa, yamezunguka viungo vya ndani. Kwa mwanaume ni kama asilimia 3 ya uzito. Kwa mwanamke ni kama 12, kwa sababu yameongezwa ya uzazi. Kwa ujumla mwanaume aliye sawa anacheza kati ya asilimia 10 na 20, mwanamke kati ya 20 na 30 hivi. Kwa hiyo mkisimama wawili mna uzito uleule na urefu uleule, yeye atakuwa na mafuta zaidi na wewe misuli zaidi, na hakuna aliyekosea.

Pili, mafuta ya mwanaume na ya mwanamke hayalali chumba kimoja. Mwaka 1947 daktari Mfaransa wa Marseille, Jean Vague, aliandika kwamba kuna unene wa kiume unaokaa juu na tumboni, na unene wa kike unaokaa nyonga na mapaja, na kwamba ule wa tumboni ndio unaotembea na kisukari na magonjwa ya moyo. Madaktari wenzake walichukua miaka mingi kumsikiliza. Homoni ya estrojeni inapeleka akiba kwenye mapaja na makalio, chini ya ngozi. Sisi akiba yetu inapenda kuingia ndani kabisa, kuzunguka utumbo. Na damu inayotoka huko inapita mshipa unaoingia moja kwa moja kwenye ini. Ndiyo maana kitambi si sawa na hips, hata kama mizani inavijumlisha pamoja.

Tatu, kuna kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990 ya kukadiria mwili unatumia kalori ngapi ukiwa umelala tu. Unachukua kilo mara 10, unajumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5. Mwanaume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161. Nimekaa na kalamu. Mimi kilo 92, urefu 174, miaka 38: inakuja kama 1,820. Mama watoto kilo 74, urefu 160, miaka 34: 1,409. Yaani nikilala tu nimekoroma, namzidi kwa kalori 400 na ushee kwa siku. Unga wa sembe mkavu gramu 100 una kalori kama 360. Kwa hiyo tulipokuwa tunakula sahani sawa, yeye ndiye aliyekuwa anakaribia kushiba na mimi ndiye niliyekuwa kwenye mfungo.

Na hata barabarani. Kukimbia kilomita 1 kunachoma kama kalori 1 kwa kila kilo ya mwili. Kilomita 5 zilezile, mimi 460, yeye 370. Nilikuwa nalipwa zaidi kwa kazi ileile.

Naombeni michango, hasa wataalamu. Matusi baadaye.


Kibonge Halisi:

Nimekaa paleee. Ila mkuu kumwambia mke anafungua friji usiku, wewe una roho ya mamba.


BintiMwaloni:

Mimi sijasoma hayo ya Marseille lakini nakuelewa vizuri. Nimepasua samaki soko la Mwaloni miaka 9. Sangara mkubwa ukimfungua tumbo, kabla hujaufikia utumbo unakutana na mafuta meupe yameulalia, mengine yanajaa viganja viwili. Tunayatoa, tunayayeyusha kwenye sufuria, ndiyo tunakaangia mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Kwa nje sangara huyo huyo umemuona amekaza, minofu imara, hana nyama uzembe hata kidogo. Kila nikiona mwanaume ana miguu myembamba halafu tumbo gumu kama ngoma, namuona sangara.


Jabali la Kirumba:

Binti, asante. Leo nimeitwa sangara na mtu nisiyemjua.


NesiWaZamu:

BintiMwaloni umefundisha vizuri kuliko kipeperushi chetu. Niongeze hapo kwenye "tumbo gumu." Tumbo linalotepweta, unaloweza kulishika kwa vidole, sehemu kubwa ni mafuta ya chini ya ngozi. Lile gumu lililojaa mbele, miguu ikiwa myembamba, mara nyingi limejaa mafuta ya ndani, yanasukuma ukuta wa tumbo kwa nyuma. Wanaume wengi wanajisifia ugumu huo, wanajipiga makofi kabisa tumboni mbele yako. Bora ungekuwa laini.

Habari njema kwa mleta uzi: hayo ya ndani ndiyo yanayokuwa ya kwanza kuondoka mtu akianza mazoezi na kupunguza kula. Kwa hiyo mwanaume anaanza kwa kasi, anaonekana shujaa mwezi wa kwanza. Mafuta ya mapajani ya mwanamke yana vipokezi vingi vinavyozuia yasifunguliwe ovyo. Yamefungwa na kufuli. Kufuli hilo linalegea mwishoni mwa ujauzito na kipindi cha kunyonyesha, maana kutengeneza maziwa kunagharimu kalori kama 500 kwa siku na lazima zitoke mahali. Mjamzito wa kawaida anaweka akiba ya kilo 3 hadi 4 za mafuta kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo paja la mkeo lina mpango wake. Kitambi chako hakina mpango wowote.

Swali kwako, mkuu: siku ya kupima mara ya mwisho, shemeji alikuwa siku ya ngapi ya mzunguko? Uliuliza?


Jabali la Kirumba:

Nesi… sikuuliza. Ngoja nimuulize.


Kijukuu cha Igoma:

Wanawake metaboli yao, ile kasi ya mwili kuchoma chakula, iko chini, wamezaliwa nayo hivyo, tusizunguke mbuyu. Na ukifika 40 ndiyo inalala kabisa. Mimi nina 43, siku hizi hata nikinusa pilau nanenepa.


Mwalimu wa Zamani:

Kijukuu, hapana. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa, Herman Pontzer na wenzake wengi, watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga wa siku 8 mpaka mzee wa miaka 95. Waliwanywesha maji yenye alama maalum ya kupima nguvu wanayotumia kwa siku. Wakarekebisha kwa ukubwa wa mwili na mafuta yaliyomo. Matokeo: kuanzia miaka 20 mpaka 60 matumizi hayabadiliki. Na tofauti ya mwanaume na mwanamke ikayeyuka. Kilo moja ya nyama ya mwanamke inafanya kazi kama kilo moja ya nyama ya mwanaume. Ile 161 anayotoa mleta uzi kwenye kanuni ni njia ya mkato, inasimama badala ya misuli na viungo ambavyo mizani haivioni.

Na huyu Pontzer ni jirani yetu kwa namna fulani. Alifanya kazi na Wahadzabe hapa kwetu, ziwa Eyasi, akachapisha mwaka 2012. Watu wanaowinda na kuchimba mizizi, wanatembea kutwa. Alitegemea wanachoma kalori nyingi kuliko Wamarekani wanaokaa ofisini. Alipolinganisha kwa ukubwa wa mwili akakuta ni sawa tu. Mwili unabana matumizi kwingine. Kwa hiyo 43 yako, Kijukuu, siyo metaboli. Angalia hiyo pilau unayoinusa, huwa inaishia puani?


Kijukuu cha Igoma:

Mwalimu nimeomba poo.


Jabali la Kirumba:

Nimerudi. Nesi, mimi na wewe hatujuani lakini umenivunja mbavu. Nimeuliza. Siku ile ya kupima zilikuwa zimebaki siku mbili aone siku zake. Anasema alijua, viatu vilikuwa vinambana, lakini hakutaka kuonekana anatoa visingizio.


NesiWaZamu:

Nilijua. Kabla ya hedhi wengi wanashika maji, kilo moja mpaka mbili si ajabu. Hayo ni maji, hayana uhusiano na friji. Mwanamke anatakiwa ajipime siku ileile ya mzunguko kila mwezi. Umemlinganisha mtu aliyebeba ndoo na asiyebeba.


MamaWawili:

Samahani naingia kwa hasira kidogo. Mleta uzi umeandika "bia nikaacha kabisa" ukapita haraka kama mtu aliyekanyaga moto. Ulikuwa unakunywa ngapi?


Jabali la Kirumba:

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nne nne hivi.


MamaWawili:

Sawa. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe. Gramu moja ya pombe ni kalori 7, kwa hiyo 140. Weka na wanga wa shayiri, chupa moja inafika kama 200. Nne mara tatu ni chupa 12, ni 2,400 kwa wiki. Wiki 10 ni 24,000. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama 7,700. Gawanya mwenyewe.

Nimekugawia: kilo 3 na kidogo. Yaani nusu ya ushindi wako ni kreti ulizoacha. Mke wako hakuwa na bia ya kuacha. Yeye aliacha nini? Chapati, ambayo ndiyo anasa pekee aliyokuwa nayo, na bado asubuhi akirudi mbioni anaogesha watoto wakati wewe unanyoosha viungo barazani.


Kibonge Halisi:

Mods fungeni uzi, mtu amekufa.


Jabali la Kirumba:

Niko hai lakini kwa shida. Hayo ya barazani umeyajuaje?


Dume la Kizimba:

Nipoze kidogo. Mimi nafuga sato kwenye vizimba hapa ziwani. Vifaranga tunavyonunua ni madume matupu. Jike akipata ukubwa kidogo tu anaanza mayai, anayaatamia mdomoni, wakati huo hali vizuri, chakula chote kimeenda kwenye uzazi. Dume yeye anaweka minofu tu. Ukichanganya, siku ya kuvuna unatoa samaki hawana mpangilio, huyu sahani huyu kiganja. Hakuna mfugaji anayesema jike ni mvivu. Tunajua hesabu yake ni nyingine.

(Kwa sangara ni kinyume, majike ndiyo wakubwa. Msije mkanishika hapo.)


Mzee wa Matobolwa:

Vijana mnaongea kilo. Sisi Usukumani zamani binti akiolewa, akijifungua, analishwa anenepe, na akirudi kwao amekonda wazazi wanamuuliza mkwe maswali magumu. Mke mnene ilikuwa ndiyo cheti kwamba kwako kuna chakula. Leo wajukuu zangu wanakula mlo mmoja, wanataka wawe kama fimbo.


Binti wa Buhongwa:

Shikamoo mzee. Mimi ni mmoja wa hao wajukuu. Nina miaka 23. Nimekula mlo mmoja na kukimbia kila siku tangu mwaka jana, nimetoka 61 mpaka 47. Watu wananisifia. Lakini sijaona siku zangu mwezi wa nne huu. Mimba sina, nimepima. Ni kawaida?


NesiWaZamu:

Si kawaida mdogo wangu, na usingoje wa tano. Nenda kituo cha afya, waeleze hivyohivyo ulivyotueleza, pamoja na mlo mmoja.

Mwaka 1974 Rose Frisch na Janet McArthur waliandika kwamba msichana anahitaji kama asilimia 17 ya mafuta ili avunje ungo, na kama 22 ili mzunguko uendelee. Siku hizi hatushikilii namba moja kwa kila mtu. Kinachoangaliwa zaidi ni kama chakula kinatosha kwa kazi unayoifanya. Lakini jambo lenyewe limesimama. Chembe za mafuta zinatoa homoni inaitwa leptini, iligunduliwa mwaka 1994, inayoupelekea ubongo taarifa za ghala. Wanawake wanayo nyingi kuliko wanaume. Ghala likikaribia kuisha, ubongo unafunga kwanza idara ya uzazi. Estrojeni ikishuka muda mrefu na mifupa inadhoofika, ukiwa na 23 unatembea na mifupa ya bibi. Nenda wiki hii. Ukirudi tuambie.


Binti wa Buhongwa:

Nitaenda Jumatatu. Asante dada.


MamaWawili:

Na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu je? Mashosti wote wanasema inanenepesha.


NesiWaZamu:

Wapo inaowaongezea uzito kweli, hiyo tunakiri na tunawaambia kabla. Wengine haiwagusi. Ukiona miezi sita ya mwanzo unapanda kwa kasi, rudi kituoni ubadilishiwe, njia ziko nyingi. Usiache kimyakimya halafu urudi na mimba unalalamika kitambi.

Na wale wa 48, 50 na kuendelea: hedhi ikikoma estrojeni inapungua, akiba inahama kutoka mapajani kwenda tumboni. Hapo mama anaanza kubeba hatari ileile ya baba. Wengi wanakuja wanasema "sijaongezeka kilo ila nguo hazifungi." Wako sahihi.

Achaneni na mizani peke yake. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, umeshusha pumzi kawaida, bila kubana tumbo. Wanaume mnabana, tunawaona. Kuanzia sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, hatari inaanza kupanda. Mipaka hiyo ilitokana na takwimu za Ulaya, kwetu Afrika tumeiazima, kwa hiyo ongeza na kipimo kingine rahisi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.


Dume la Kizimba:

Nina 101. Nimepima mara tatu nikidhani futi imekosea.


Mwalimu wa Zamani:

Kuna kitu bado hakijasemwa. Mkikimbia mwendo uleule wa wastani kwa muda mrefu, mwanamke anachoma sehemu kubwa zaidi ya mafuta na sehemu ndogo ya wanga kuliko mwanaume. Kwa hiyo wanaosema miili ya wanawake "haichomi mafuta" wamegeuza jambo. Inachoma vizuri sana wakati wa kazi, halafu ikipumzika na kula inarudisha akiba kwa bidii ileile.


Jabali la Kirumba:

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Wiki moja baada ya siku zake tumerudi Makoroboi. Yeye 71. Mimi 86 ileile.

Kisha nikaazima futi kwa fundi wa jirani. Namba za mwanzo tunazo kwa bahati tu, yule fundi alitupima kwa ajili ya nguo za harusi ya mdogo wake kabla hatujaanza. Mimi kiuno nimetoka 106 mpaka 99. Yeye 91 mpaka 86. Nikaanza kuchekacheka kwamba hata kwenye futi nimeshinda, sentimita 7 kwa 5.

Mama watoto, ambaye kumbe amekuwa akisoma uzi huu kwenye simu yangu tangu juzi, akachukua kalamu. Nusu ya urefu wangu ni 87. Nusu ya wake ni 80. "Wewe zimebaki 12. Mimi 6. Nani anakaribia kufika?"

Nikasema dau lilikuwa la kilo. Akasema sawa, toa kilo 3 za bia.

Tukaenda ufukweni Jumapili jioni.


Kibonge Halisi:

Nani kalipa?


Jabali la Kirumba:

Mimi. Elfu 25 pamoja na ugali na kachumbari. Kichwa kala yeye, mimi kaniachia mkia. Na amesema MamaWawili asalimiwe.